Mnara wa Emley Moor na Kibla ya Mama

Mhariri wa kitabu chetu cha mwaka ameniomba niandike habari ya kitu chochote cha huku kaskazini, ili jamaa wa London na wa Maskati wasije wakadhani kwamba sisi wa Huddersfield hatuna la kusimulia ila mvua. Nimefikiri sana. Viwanda vya nguo vimeshaandikwa, na habari za jumuiya yetu wameziandika wanaozijua kuliko mimi. Basi nimechagua kitu ambacho kila mmoja wetu amekiona, na wengi tumekuwa tukikitazama kila siku bila ya kukiuliza jina wala nasaba yake, nao ni ule mnara wa kurushia televisheni ulioko Emley Moor.

Mimi niliuona mara ya kwanza mwaka 1986, mwezi wa Oktoba, ndani ya basi lililonileta kutoka London kumfuata mume wangu. Jua lilikuwa limekwisha kuzama. Nikaona mbali, juu ya vilima, mstari wa taa nyekundu umesimama wima hewani, chini yake hapana kitu. Nikasoma kimoyomoyo Ayatul Kursiyyu, maana sikujua ni nini. Mama mmoja wa Kiingereza aliyekaa ubavuni mwangu akacheka akaniambia hiyo ndiyo dalili ya kuwa tumefika nyumbani. Tangu siku hiyo mpaka leo, nikirudi safari yoyote, nikishaziona taa zile huwa nakusanya mizigo yangu.

Televisheni haikuwa jambo geni kwangu. Mimi ni mtoto wa Unguja, na Unguja tuliona picha za rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati nchi nyingi za Afrika hazijawa nazo, na ndugu zetu wa Bara wakangoja mpaka 1994 kupata televisheni yao. Tulikuwa tukikusanyika watu wazima na watoto mbele ya seti moja iliyowekwa kwa ajili ya mtaa mzima, na mwalimu wetu wa chuo akija kututafuta anatukuta pale pale, naye mwenyewe husimama kidogo nyuma kabla ya kutufukuza. Lakini sikupata hata siku moja kujiuliza picha ile inatoka wapi hata ikatufikia. Swali hilo nilikuja kuulizwa huku, na mtoto wa miaka tisa, katika darasa letu la Jumamosi la Kiswahili na Kurani. Aliniuliza, "Mwalimu, mbona mnara wetu ni wa saruji na ule mwengine ni wa chuma?" Sikuwa na jibu. Mwalimu asiyekuwa na jibu hana budi aende akatafute, nami nilikwenda maktaba, na zaidi nilikwenda kwa jirani yangu.

Jirani huyo alikuwa mzee wa Kiingereza aliyefanya kazi maisha yake yote katika kiwanda cha sufu. Alinieleza kwamba mnara tunaouona leo ni wa tatu. Wa kwanza ulianza kazi tarehe 3 Novemba 1956, wakati shirika lililosimamia televisheni ya biashara lilipotaka kuwafikia watu wa Yorkshire. Ulikuwa mnara wa vyuma vilivyosukwa kama uzio, urefu wake mita 135. Kabla ya hapo waliokuwa na televisheni huku waliipata BBC kutoka Holme Moss, upande wa pili wa mji wetu, ambako mtambo ulifunguliwa tarehe 12 Oktoba 1951. Mpaka leo redio za BBC za nchi nzima tunazozisikia jikoni zinatoka huko huko Holme Moss.

Katikati ya miaka ya 1960 yakaja mawimbi mapya, yenye picha safi zaidi, lakini mawimbi hayo yana tabia ya mtu mwenye kiburi, hayapindi. Yanakwenda moja kwa moja kama mshale, kilima kikiyakinga basi walio nyuma ya kilima hawapati kitu. Dawa yake ni kupanda juu zaidi. Ndipo ilipojengwa nguzo ya pili, iliyokamilika mwaka 1966, nayo ilikuwa ndefu kupita kiasi, mita 385. Hiyo haikuwa mnara wa kusimama wenyewe. Ilikuwa mlingoti hasa, bomba la chuma lenye upana kama chumba kidogo, likaunganishwa juu na kipande cha chuma cha kusukwa, na lote likashikwa na kamba za chuma zilizofungwa ardhini pande zote, kama mlingoti wa jahazi.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Tarehe 19 Machi 1969, siku ya Jumatano, saa kumi na moja na dakika moja ya jioni, mlingoti ule ulianguka. Kwa siku kadhaa kulikuwa na baridi kali na ukungu, na barafu ikajijenga juu ya bomba na juu ya kamba zake, ikawa nene na nzito. Mabonge ya barafu yalikuwa yakidondoka, hata barabara za karibu zikafungwa ili watu wasiumizwe. Kisha chuma chote kikaja chini. Kikalala katika mashamba na kukata barabara, na kamba moja ikapasua kanisa dogo la Wamethodisti la pale kijijini. Hakujeruhiwa mtu hata mmoja. Jirani yangu alisema watoto wake walikuwa wamekaa mbele ya televisheni wakingoja chai, picha ikatoweka ghafla, naye akainuka akaipiga seti kofi ubavuni kama ilivyokuwa desturi, akalipiga tena na tena, kumbe kilomita kumi kutoka pale mlingoti wenyewe uko chini. "Niliipiga bure maskini," aliniambia, na alipokuwa akisimulia alikuwa bado anaionea huruma seti ile.

Watu wa Yorkshire kwa mamilioni wakawa hawana televisheni ile ya biashara, na kampuni ya Yorkshire Television ilikuwa ndiyo kwanza imeanza, tangu tarehe 29 Julai 1968, haijatimiza hata mwaka. Mafundi wakafanya kazi ya kushukuriwa. BBC wakaleta gari lenye mlingoti wa kukunjua na katika siku mbili wakawarudishia baadhi ya watu picha zao, na baada ya siku nne ile nyengine nayo ikarudi, kwa udhaifu. Kisha ukanunuliwa mlingoti wa muda kutoka Sweden, mita 204, ukaanza kazi tarehe 16 Aprili, yaani haukutimia mwezi.

Kwa nini ulianguka? Hili ndilo lililonivutia zaidi, maana sisi watu wa pwani tunalifahamu bila ya kulisoma. Mtu aliyepata kupanda jahazi anajua kwamba upepo wa wastani, usio mkali, ukipita kwenye kamba iliyokazwa, kamba huvuma na kutetemeka. Upepo ukizunguka kitu cha mviringo huachia kisulisuli upande huu, kisha upande ule, kwa zamu, na kila kimoja hukisukuma kile kitu kidogo. Zamu hizo zikilingana na mwendo wa kitu chenyewe, basi kinapembea zaidi na zaidi, kama mtoto anayesukumwa bembeani. Kwa hiyo bomba lile halikuuawa na dhoruba. Liliuawa na upepo mdogo wa mfululizo, na barafu iliyolielemea na kuvuta kamba zake pasipo usawa. Shauri lake lilifika mpaka baraza la juu kabisa la sheria la Uingereza, na mwaka 1980 ikahukumiwa kwamba waliochora mlingoti walikosa kwa kutoyapima mambo hayo mawili kwa pamoja. Milingoti mingine ya aina ile, ya Winter Hill na Belmont, ilitundikiwa minyororo mizito ya chuma ndani yake ili kuituliza isipembe.

Basi hilo ndilo jibu la yule mtoto. Baada ya msiba ule hawakutaka tena bomba la kufungwa kamba pale Emley. Wakajenga mnara wa zege, mpana chini na mwembamba juu, unaosimama kwa miguu yake wenyewe. Zege inapanda mita 275, na juu yake kuna chuma cha kusukwa, na ulipojengwa jumla ilikuwa mita 330. Uzito wake pamoja na msingi ni tani 11,200. Ndani mna lifti ya mafundi inayochukua dakika saba kufika juu. BBC2 ilianza kurushwa kutoka humo tarehe 21 Januari 1971, na ITV tarehe 21 Aprili mwaka huo huo. Katika Uingereza nzima hakuna jengo linalosimama lenyewe bila ya kamba lililo refu kuliko hilo, na mwaka 2002 liliandikwa katika orodha ya majengo ya kuhifadhiwa. Wanaosema ni baya siwalaumu. Mimi kwangu ni zuri.

Lakini sikuuandikia mnara huu kwa sababu ya zege.

Marehemu mama yangu, Mungu amrehemu, alikuja kukaa nasi mwaka 1992 baada ya kufariki baba. Alikuwa hajui neno la Kiingereza, na nyumba yetu iko kwenye mwinuko, kaskazini mwa mji, mtaa wenyewe una upepo na watu wake hawakai barazani. Siku ya kwanza aliniuliza kibla. Nikampeleka dirishani, chumba cha juu, nikamwonyesha mnara. Maana ndugu wasomaji, jambo hili ni la kweli na kila mwenye dira anaweza kulipima, kwetu sisi wa Huddersfield mnara wa Emley na kibla ni karibu upande mmoja, kusini-mashariki, tofauti yao ni nyuzi chache tu. Mama akatazama, akasema alhamdulillahi, akatandika msala wake. Kwa miaka mingi hakuhitaji dira wala kumwuliza mtu.

Kisha akagundua jambo ambalo mimi niliyekaa pale miaka sita sikuwa nimeliona. Antena za mtaa wetu zilizo nyingi zilikuwa zinauelekea mnara, kwa sababu antena haina budi kuangalia inakopewa. Akaniita dirishani akasema, "Mwanangu, watu wa hapa hawasali, lakini tazama mapaa yao yanavyoelekea kibla." Alicheka mwenyewe mpaka akakohoa. Tokea hapo darasani nilikuwa nikiwafundisha watoto kuzitazama antena. Zile ambazo vijiti vyake vimelala zinaangalia mnara mkubwa wenyewe, na kule mabondeni, ambako kilima kinaukinga mnara, utaona vijiti vimesimama wima, kwa sababu huko wanapata picha kutoka vituo vidogo vinavyoipokea na kuirusha tena. Madishi ya setilaiti yaliyokuja baadaye yana njia yao nyengine, hayo yanageukia kusini zaidi, na mama hakuyapenda.

Hata fundi mmoja aliwahi kuumbuka mbele yake. Ilikuwa mwaka 1996, upepo ulikuwa umeivunja antena yetu, tukamleta fundi wa kampuni fulani ya mjini, akapanda, akafunga mpya, akachukua pesa zake, akaenda. Jioni habari zikawa za Manchester na Liverpool, hakuna hata neno la Leeds. Mume wangu akawa anazungusha vitufe vya seti. Mama akatoka nje na kanga yake, akatazama juu ya paa, akarudi akasema, "Mtu wenu ameipa kibla mgongo." Na kweli, alikuwa ameielekeza magharibi, kwenye mtambo wa Winter Hill. Kumrudisha fundi yule ilichukua wiki tatu na barua mbili.

Nitasema jambo moja juu ya televisheni yenyewe, kisha niliache, maana limekwisha kujadiliwa sana katika mikutano yetu. Mnara ule haukutupa Kiswahili hata siku moja. Kiswahili tulikitafuta usiku katika redio ya mawimbi mafupi, katika makelele ya bahari na mikwaruzo, tukimtafuta mtangazaji wa Idhaa ya Kiswahili ya BBC, ambayo inatangaza tangu 1957, na yeye alikuwa akizungumza na watu wa kwetu wala si na sisi. Watoto wetu walilelewa na mnara. Wapo wanaolia kwamba ndio uliowapotezea lugha. Mimi nimesomesha watoto hao miaka thelathini, na ninavyoona, waliopotelewa na lugha ni wale ambao wazazi wao waliwajibu kwa Kiingereza.

Nirudi kwa mama. Kuanzia mwaka 2002 alianza kusahau. Kwanza majina, kisha nyakati, kisha akawa anamwita mjukuu wake kwa jina la dada yake aliyekufa. Lakini sala hakuisahau. Alisimama dirishani, akautafuta mnara, akasali, pengine sala moja mara tatu. Siku za ukungu, mnara usipoonekana, alitaabika, akawa anazunguka chumbani na kuuliza umechukuliwa na nani.

Alfajiri moja ya Ramadhani, Novemba 2003, niliamka kumpikia daku nikaukuta mlango wa mbele uko wazi. Sitaki kueleza sana hali niliyokuwa nayo. Polisi walipigiwa simu, mume wangu akatoka na gari, mimi nikabaki mlangoni kama nilivyoambiwa. Mwuza maziwa ndiye aliyemwona, ng'ambo ya pili ya mji, kwenye barabara ya Wakefield, anatembea pembeni na makubadhi na kanga mbili, katika baridi ile. Alimtia garini, akampa koti lake. Mama alikuwa mtulivu kabisa. Aliponiona aliniambia, "Nilikuwa nashuka pwani. Boti inaingia, taa ya Chumbe naiona." Wasiojua, Chumbe ni kisiwa kidogo kusini ya mji wa Unguja, chenye mnara wa taa tangu 1904, na sisi watoto wa mjini tulikuwa tukiiona taa yake usiku. Mama alikuwa anazifuata taa nyekundu za Emley Moor.

Ndugu yangu alipiga simu kutoka Maskati akanikaripia, akasema mama atiwe mahali pa kutunzwa au apelekwe kwake. Watu wa ustawi wa jamii walikuja na karatasi zao. Mimi nilifanya nililoliona la busara. Nikamhamishia mama chumba cha nyuma, kisichokuwa na dirisha la upande ule, ili asiuone mnara. Nikamchorea mshale wa kibla ukutani kwa karatasi ya kijani.

Lilikuwa kosa langu. Siku tisa alikaa katika chumba kile. Hakuusadiki mshale. Aliniuliza, "Huu umeutoa wapi?" Nilimwambia, mama, ndio ule ule upande. Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto anayesema uongo. Sala yake ikawa ya wasiwasi, anaanza, anakata, anageuka, anaanza tena, na siku ya tisa nilimkuta amekaa juu ya msala, hakuelekea popote, analia. Jioni ile mimi na mume wangu tulirudisha kitanda chumba cha mbele. Tukatia kufuli la pili mlangoni, juu, mkono wake usipofika, nami nikawa nalala chini ya dirisha lake. Nilimwambia ndugu yangu kwamba mama haendi popote. Hakusema nami mpaka Idi.

Alifariki mwaka 2005, mwezi wa Februari, nasi tukamzika hapa hapa Huddersfield, katika sehemu ya Waislamu ya makaburi ya mji. Siku hiyo ilikuwa kavu na mnara ulionekana wote mpaka juu.

Yaliyobaki ni machache. Mwaka 2011, mwezi wa Septemba, mitambo ya zamani ilizimwa, na tangu hapo mnara unarusha kwa njia ya dijitali, kwa nguvu ndogo zaidi kuliko zamani na vituo vingi zaidi. Mwaka 2018 walijenga mlingoti wa muda ubavuni mwake, wa zaidi ya mita 300, wenye kamba, ili mafundi wabadilishe antena za juu, na kwa muda tukawa tunaiona miwili pamoja. Nilifurahi kwamba mama hakuiona, maana angeuliza asali kwa upi. Tarehe 10 Agosti 2021 mlingoti wa Bilsdale, kaskazini mwa Yorkshire, uliungua moto, na nyumba kwa malaki zikakosa picha, wengine kwa wiki nyingi. Ndipo vijana wetu, ambao hutazama kila kitu katika simu, waliposikia kwamba watu wazee walikuwa wanalia kwa kukosa televisheni, wakashangaa.

Mjukuu wangu sasa ndiye analala katika chumba cha mbele. Ana dira katika simu yake inayomwonyesha kibla na sauti ya adhana juu yake. Mwezi uliopita nilimkuta ameizima, anasali, na pazia lote limefunguliwa.